Mabomba ya kemikali kali: thredi, flanji au kuchomelea?

Mkuu, swali lako linastahili jibu refu kuliko yale ya "weka flanji, maliza kazi" yaliyotangulia. Kwa anayesoma sasa hivi: mwenzetu amekabidhiwa laini tatu za mabomba kutoka matangi ya kuhifadhia hadi pampu za kudozi, yaani za kupimia kiasi cha kemikali kinachotoka. Moja ni ya asidi ya salfuriki ya asilimia 98, ya pili kostiki (sodiamu haidroksaidi) ya asilimia 50, ya tatu haipokloraiti (kemikali ya blichi) ya asilimia 12. Presha haizidi bar 4, mabomba yanaanzia inchi 2 na kushuka hadi nusu inchi. Bosi wake anataka thredi, yaani bomba kuskrubiwa kwenye fitingi, kila mahali kwa sababu presha ni ndogo na fundi yeyote anaweza kuzifunga. Muuza vifaa anataka flanji, yaani sahani mbili za duara zinazobanwa kwa bolti, kila mahali. Yeye anauliza nani yuko sahihi.

Mimi nimefunga, nimekagua na nimefungua mabomba ya aina hii kwa muda mrefu, na naona wote wawili wamekosea mahali pa kuanzia. Wanauliza ni kiungio gani hakivuji. Kila kiungio unachoweza kukifungua, ipo siku kitavuja. Swali la kuuliza ni hili: kikivuja, kitavuja kwa namna gani, kitamwagikia nani, na siku ya kukifungua nani atakuwa ameshika spana? Ukishajibu hayo, nusu ya mabishano ya thredi na flanji yanaisha yenyewe.

Hoja ya presha ndogo kwanza, maana ndiyo anayoishikilia bosi wako. Kwa nguvu tupu, bar 4 si kitu. Flanji ya kawaida ya chuma ya Class 150 (daraja la kubeba presha) hubeba bar 19.6 kwenye joto la kawaida, na thredi nzuri ya nusu inchi hubeba zaidi ya hapo. Lakini soma kanuni ya ASME B31.3 (ASME ni chama cha wahandisi mitambo cha Marekani), ambayo ndiyo inayotumika sana kwa mabomba ya viwanda vya kemikali. Ina kundi la huduma nyepesi linaloitwa D, ambalo ndilo lenye masharti nafuu kuliko yote. Ili uingie kundi hilo, presha isizidi takribani bar 10, joto liwe ndani ya mipaka fulani, na kitu kilichomo kisiwake, kisiwe sumu, na kisidhuru mwili wa binadamu. Asidi yako inapita kwenye presha na inaanguka kwenye sharti la mwisho. Kostiki vilevile, tena jicho likiguswa na kostiki huharibika haraka sana. Kwa hiyo mwambie bosi kwamba presha ndogo haitoshi kuifanya laini iwe nyepesi.

Upande wa pili wa kanuni hiyohiyo kuna kundi M, la vitu ambavyo kiasi kidogo tu kikivuja na mtu akakipata mara moja, anaweza kuumia asipone hata akitibiwa mapema. Fosijini ndiyo mfano unaotajwa mara nyingi. Huko thredi zimebanwa karibu kufutwa kabisa, soketi za kuchomelea (bomba huingia ndani ya fitingi) haziruhusiwi kupita inchi 2, na juu ya jaribio la kawaida kuna jaribio jingine la uvujaji lenye usikivu mkubwa. Mwenye jukumu la kusema laini ipo kundi gani ni mmiliki wa mtambo. Si fundi, wala si muuza vifaa. Laini kama zako kwa kawaida huishia kundi la katikati, lakini pata uamuzi huo kwa maandishi kabla ya kununua hata elbo moja.

Sasa viungio vyenyewe.

Kuchomelea ndiko chaguo langu la kwanza popote ambapo hakuna sababu ya kufungua. Kwa chuma, chomelea uso kwa uso, ncha kwa ncha, kwa mabomba ya inchi 1 na nusu kwenda juu. Kwa mabomba madogo watu hupenda soketi, kwa kuwa ni rahisi kulinganisha na haihitaji kunoa ncha. Soketi ina kasoro moja ambayo kwa maji haikusumbui ila kwa kemikali inasumbua: ndani yake bomba linaacha mwanya. Mwanya huo lazima uwepo, karibu milimita 1.5, kwa sababu bomba likigusa chini ya soketi kabla ya kuchomelea, chuma kikitanuka kinasukumana na kuupasua mshono. Mwanya ukiwepo, kemikali inalala humo, haisafishwi na mtiririko, na ikiwa ni kitu chenye kloraidi ndani ya stenlesi, kutu ya kwenye mianya inaanzia hapo. Kwa hiyo soketi naikubali pale tu ninapojua kemikali haina tabia ya kula kwenye mianya. La sivyo uso kwa uso, hata kama bomba ni dogo na fundi ananung'unika.

Kwa plastiki, kuchomelea maana yake ni kuyeyusha: uso kwa uso, soketi, au fitingi za umeme kwa polithini. Polipropilini na PVDF nazo huyeyushwa. PVC na CPVC huunganishwa kwa gundi ya kuyeyusha, na hapo kuna jambo nitalirudia kwenye haipokloraiti.

Thredi. Ngoja nikupe hesabu, maana maneno matupu hayajawahi kumshawishi bosi wa mtu. Bomba la chuma la nusu inchi Schedule 40 (daraja la unene wa ukuta) lina ukuta wa milimita 2.77. Thredi ya NPT (ya Kimarekani) ya saizi hiyo ina kina cha karibu milimita 1.45. Yaani ukishakata thredi, unabaki na milimita 1.3 hivi za chuma kati ya asidi na hewa, na hapo ndipo bomba linapopinda na kutetemeka zaidi, mahali panapoingia kwenye fitingi. Bomba la inchi 2 Schedule 40 lina ukuta wa milimita 3.91, na thredi inachukua karibu 1.8. Umelipia ziada ya kuliwa na kutu kwenye laini nzima, halafu umeitupa kwenye kila kiungio. Ndiyo maana pale thredi inapolazimika, bomba linapaswa kuwa Schedule 80 angalau.

Halafu kuna mchanganyiko wa NPT na BSPT (ya Kiingereza), ambao sijawahi kuingia stoo ya kiwanda nisiukute. NPT ina pembe ya digrii 60, BSPT digrii 55. Saizi nyingi zinakataana mapema, kwa mfano robo inchi ni nyuzi 18 kwa inchi upande mmoja na 19 upande mwingine, hivyo mkono unahisi zinagoma. Nusu inchi na robo tatu ndizo za hatari: zote mbili zina nyuzi 14 kwa inchi. Zinaingia vizuri kabisa. Unafunga tepu ya tefloni, unakaza, unajaribu na maji, inashika. Kumbe pembe hazilingani na kilichoziba ni tepu peke yake. Joto likipanda na kushuka, pampu ikitetema, tepu inachoka na kiungio kinaanza kulia. Kabla hujafunga fitingi yoyote ya saizi hizo mbili, weka geji ya thredi juu yake. Ni kifaa kidogo cha bei ya chini na hakuna sababu ya fundi kukosa nacho mfukoni.

Thredi inavuja vibaya kwa sababu nyingine pia: haikuonyi. Flanji huanza kwa kutoa jasho. Thredi iliyokondeshwa na kutu inaweza kukatika yote kwa mpigo mtu akikanyaga bomba au akiegemeza ngazi, na ikikatika inarusha. Kwa kemikali zako tatu ningezibakiza kwenye vifaa vya vipimo tu, na hata hapo ningependa geji ya presha yenye kiwambo cha kuzuia kemikali kilichofungwa kwa flanji. Kuna watu watakuambia uchomelee juu ya thredi kuziba. Inaruhusiwa, ila mshono ufunike thredi zote zinazoonekana, na thredi hiyo isiwe na tepu wala dawa ya kuzibia. Tefloni ikichomwa na moto wa welding inatoa moshi wenye sumu, na mshono unajaa matundu.

Kwa vibomba vidogo vya kudozi, milimita 6 hadi 12, fitingi za kubana zenye pete mbili ni nzuri kuliko thredi. Masharti: kuanzia milimita 6 kwenda juu, kaza kwa mkono hadi mwisho kisha spana mzunguko mmoja na robo, na usichanganye nati ya kampuni moja na pete za kampuni nyingine hata kama zinaingiana. Zinaingiana, na ndipo tatizo lilipo.

Flanji sasa, na hapa nitakaa kidogo, maana kama hukuchomelea utatumia flanji, na nyingi ninazoziona zimefungwa kama za maji ya bustani.

Kiwanda kimoja nilichofanyia kazi kilikuwa na flanji ya inchi 2 kwenye laini ya asidi ya 98. Haikuwa inadondosha. Ilitoa jasho tu, ukipitisha karatasi ya kupimia asidi inabadilika rangi. Kwenye kitabu cha zamu ilikuwa imeandikwa "uvujaji mdogo, inafuatiliwa". Tulipoifungua, bomba lenyewe lilikuwa zima, uso wa flanji mzima, hata gasketi, ile pete ya kuziba kati ya flanji mbili, haikuwa na hali mbaya. Kilichoisha ni bolti. Kichwani na kwenye nati zilionekana nzuri, zimepakwa rangi, ila katikati, pale pasipoonekana kati ya flanji mbili, shingo zilikuwa zimeliwa hadi mbili kati ya nne zilibaki chini ya nusu ya unene wake, zimefunikwa na chumvi nyeupe ya kijani. Sababu ni kemia ya asidi yenyewe. Salfuriki ya 98 haili sana chuma cha kawaida, hasa ikitembea polepole, chini ya mita 1 kwa sekunde, kwa kuwa hujenga tabaka la salfeti ya chuma linalokinga. Ila hiyohiyo ina kiu ya maji. Tone likitoka nje linafyonza unyevu wa hewani, linakuwa asidi iliyozimuliwa, na asidi ya salfuriki iliyozimuliwa inatafuna chuma kwa kasi. Kwa hiyo kinachovuja ni kikali zaidi kwa bolti kuliko kilichomo ni kikali kwa bomba. Tangu hapo nikisikia "inafuatiliwa" kuhusu asidi, naomba kwanza nione bolti.

Funzo la kuchagua hapo: bolti na gasketi huchaguliwa kwa kile kitakachotoka, si kwa kile kilichomo tu. Na bolti za kawaida za B7 (daraja la chuma cha bolti) ni nzuri kwa nguvu, ila hazikingi chochote bila rangi maalumu au mfuniko.

Gasketi. Kwa salfuriki ya 98, PTFE (ndiyo tefloni), na bora ile iliyojazwa au iliyopanuliwa, kwa sababu PTFE tupu ina tabia ya kutiririka taratibu ikibanwa. Unaikaza leo, kesho bolti zimelegea. Raba ya EPDM usiiweke kabisa kwenye asidi hiyo. Kwa kostiki, kinyume chake: EPDM inafanya kazi safi, na FKM, raba ile ambayo wengi wanaiita Viton, ndiyo inayoharibika. Grafaiti ni nzuri kwa mambo mengi ya joto ila haifai kwa vioksidishaji vikali kama naitriki kali. Sasa ona mtego: EPDM na FKM mara nyingi zote ni nyeusi, zote zimekatwa duara la inchi 2, na zote zipo kwenye ndoo moja stoo. Fundi wa usiku akienda kuchukua gasketi, nani atamwambia ipi ni ipi? Mimi huwa naomba mradi uchague aina moja ya gasketi inayofaa laini zote kama inawezekana, hata kama ni ghali zaidi. Kwa kesi yako PTFE iliyojazwa, ya daraja ambalo mtengenezaji amelithibitisha kwa kostiki pia, inaweza kubeba laini za chuma zote. Angalia hilo la daraja, kwa sababu PTFE iliyojazwa silika haipatani na kostiki kali.

Ulinganifu. B31.3 inataka nyuso mbili za flanji kabla ya kufungwa ziwe sambamba ndani ya milimita 1 kwa kila milimita 200 za kipenyo, na matundu ya bolti yasipishane zaidi ya milimita 3. Gasketi iwe moja tu. Nimekuta flanji ina gasketi mbili, hata tatu, kwa sababu bomba lilikatwa fupi na mtu akaamua kujaza pengo. Nimekuta pia bomba limevutwa kwa mnyororo ili flanji zikutane. Ikivutwa hivyo, nguvu ya bolti inatumika kushikilia bomba badala ya kubana gasketi, na siku utakayoifungua, bomba litaruka upande na kukumwagia kilichobaki.

Kukaza. Kwa flanji ya inchi 2 Class 150 una bolti 4 za inchi 5/8, karibu sawa na M16. Tuseme mhandisi anataka kila bolti ivute kilonewtoni 50. Bolti iliyopakwa grisi nzuri itafika hapo kwa nguvu ya kuzungusha ya newtonimita 120 hivi; bolti kavu safi itahitaji kama 160. Bolti yenye kutu ukiipa zile 120 za kwenye karatasi inaweza kuwa imevuta kilonewtoni 25 tu. Spana imesema "tik", fundi ametia saini, na gasketi imebanwa nusu. Ndiyo maana mafuta ya bolti yaandikwe kwenye maelekezo kama sehemu ya kiungio, si hiari ya mtu. Mwongozo wa ASME PCC-1 unaeleza utaratibu: kaza kwa msalaba kwenye asilimia 20 hadi 30 ya nguvu, kisha 50 hadi 70, kisha 100, halafu zunguka kwa mduara hadi nati zisisogee tena. Ukiweza, subiri saa 4 au zaidi uzunguke tena. Kwa PTFE hiyo ya mwisho mimi siihesabu kuwa hiari. Ifanyike laini ikiwa baridi na haina presha. Kukaza flanji ya asidi inayovuja huku pampu inasukuma ni kazi ninayoikataa, na nakushauri uikatae hata ukiamriwa.

Ukitumia bomba la plastiki au la nyuzi za kioo, flanji zake zina uso bapa. Usizifunge kwenye flanji ya chuma yenye uso ulioinuka, maana zikikazwa zinapinda kwenye ukingo na kupasuka. Weka flanji ya chuma yenye uso bapa na gasketi ya uso mzima, na nguvu ya kukaza iwe ile ya mtengenezaji wa plastiki, ambayo ni ndogo sana ukilinganisha na ya chuma.

Kuna pia bomba la chuma lililovishwa tefloni ndani, ambalo ndilo la watu wa asidi ya haidrokloriki. Hilo huna uchaguzi, ni flanji mwanzo mwisho, kwa sababu ukichomelea unaunguza tefloni yake ya ndani. Likitumika, angalia vitundu vidogo kwenye ukuta wa chuma karibu na flanji. Vipo ili gesi inayopenya tefloni itoke, na vikidondosha kitu vinakuambia tefloni imetoboka. Wapaka rangi huviziba kila mara. Simama nao.

Mahali pa kuweka flanji ni sehemu ya kuichagua. Isikae juu ya njia ya watu, juu ya mlango, juu ya paneli ya umeme, wala usawa wa uso wa anayesoma geji. Pale isipoepukika, ivishe flanji kifuniko cha kuzuia mrusho. Vipo vyenye kiraka kinachobadilika rangi asidi ikigusa. Kifuniko kinamlinda mpita njia. Hakifanyi flanji mbovu kuwa nzuri. Na kwenye mchoro wako, kila flanji iandikiwe sababu: "kutoa pampu", "kutoa vali", "kusafisha". Isiyo na sababu igeuzwe mshono. Ukifanya hivyo kwa ukali utashangaa ngapi zinabaki.

Anayefungua naye afikiriwe. Aanze kulegeza bolti zilizo mbali naye, azitenganishe flanji kidogo upande ule huku bolti zote bado zipo, na aone kwa macho kwamba kilichobaki kimetoka, ndipo atoe bolti. Hilo linawezekana tu kama umemwachia nafasi ya kusimama na kupitisha spana. Nimeona flanji zimebanwa ukutani kiasi kwamba njia pekee ya kuzifungua ni kulala chini yake. Aliyechora hakuwahi kuwaza kwamba kuna mtu atalala pale.

Kwa laini zako, basi. Salfuriki ya 98: chuma cha kawaida, uso kwa uso, flanji chache zenye shingo ya kuchomelea, PTFE, mwendo wa polepole. PVC kwa asidi hiyo siishauri.

Haipokloraiti: sahau chuma, sahau stenlesi. PVC Schedule 80 au CPVC kwa gundi, flanji kwenye pampu na vali tu. Gundi nyingi za kawaida zina silika ya kuzipa uzito, na haipokloraiti inakula hiyo silika hadi njia ya uvujaji inapatikana ndani ya kiungio kilichoonekana kizima. Nunua gundi ambayo mtengenezaji ameandika kuwa ni ya haipokloraiti, na uheshimu muda wa kukauka aliosema, hasa kwa inchi 2. Jambo jingine ambalo wengi hulipuuza: haipokloraiti huoza yenyewe na kutoa oksijeni. Ikifungiwa ndani ya tufe la vali ya tufe, presha inapanda hadi vali inapasuka. Vali ziwe zile zenye tundu kwenye tufe, na tundu liangalie upande kemikali inakotokea.

Plastiki pia inatanuka sana. Chuma hutanuka kama milimita 0.012 kwa mita kwa kila digrii. Polithini kama 0.2. Mita 10 zikipata tofauti ya digrii 30, chuma kinasogea milimita 3.6, polithini 60. PVC iko katikati, ila bado inatanuka mara kadhaa kuliko chuma. Usipoipa nafasi ya kupinda, itaivunja flanji ya pampu. Na usikimbilie mabomba ya mikunjo kutatua hilo bila mhandisi kuhesabu nguvu zake. Flixborough, Uingereza, tarehe 1 Juni 1974, bomba la muda la inchi 20 lililofungwa kati ya mikunjo miwili bila kushikiliwa ipasavyo lilishindwa, na watu 28 walikufa.

Mwisho wa laini, pale lori linapomwaga, ndipo sikuona hata mtu mmoja kwenye uzi huu akipagusa, na kwangu ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Una asidi na haipokloraiti kwenye kiwanja kimoja. Zikikutana, zinatoa gesi ya klorini. Atchison, Kansas, Oktoba 2016, dereva aliunganisha lori la salfuriki kwenye mdomo wa tangi la haipokloraiti. Milango ya kujazia ilikaribiana na kufanana. Watu zaidi ya 140 walitafuta matibabu. Kwa hiyo ukiweka kamloki (viungio vya hosi vya kufunga kwa mikono) za saizi moja na umbo moja kwenye milango yote mitatu, umetengeneza mtego kwa gharama zako mwenyewe. Weka maumbo tofauti kabisa ambayo hayaingiani hata kwa kulazimisha, yatenganishe kwa umbali, kila mmoja uwe na kufuli na ufunguo ukae kwa opereta, sio kwa dereva. Kibao kinasaidia, ila kibao hakizuii hosi isiingie.

Hosi zenyewe nazo ni viungio. Festus, Missouri, Agosti 2002, hosi ya kuhamishia klorini ilipasuka na kutoa pauni 48,000 za gesi. Ilitakiwa kuwa na msuko wa nje wa aloi ya Hastelloy C. Ikawa na wa stenlesi, na kwa macho hazitofautiki. Kipimo cha aloi cha kushika mkononi kingeonyesha tofauti dakika hiyohiyo. Fanya hivyo kwa hosi zako, bolti na gasketi zenye chuma, siku zinapofika, sio siku ya kufunga.

Kuhusu kujaribu, uliuliza kama maji yanatosha. Kwa laini za kundi lako jaribio ni maji kwa mara 1.5 ya presha ya usanifu, kwa dakika zisizopungua 10 huku kila kiungio kikikaguliwa. Usijaribu PVC kwa hewa iliyobanwa. Ikishindwa inarusha vipande. Na laini ya salfuriki, baada ya maji, ikaushwe kweli: vali zote ziwe nusu wazi ili zisibaki na maji ndani, sehemu za chini zifunguliwe, hewa kavu ipite hadi inayotoka iwe kavu kama inayoingia. Lita chache za maji zilizosahaulika kwenye kona ya chini zitakutana na asidi ya 98, zichemke, na zikuachie asidi iliyozimuliwa mahali penye chuma cha kawaida. Flanji yako ya kwanza kuvuja itakuwa hapohapo.

Kostiki nimeiacha makusudi kwa sababu hujatoa taarifa ya kutosha. Kostiki ya asilimia 50 huanza kuganda karibu nyuzi joto 12. Kama baridi yenu inafika hapo, itabidi bomba lipashwe moto, na hapo uchaguzi wote unabadilika: PVC haipendi kupashwa, na chuma cha kawaida kikipita nyuzi joto 50 hivi kinaweza kupasuka pembeni ya mishono ambayo haikuondolewa msongo kwa joto. Kwa hiyo andika hapa joto la chini kabisa la eneo la matangi, na kama kuna anayepanga kuweka nyaya za kupasha, tuone kama laini hiyo inabaki plastiki ya gundi au inakuwa chuma chenye mishono iliyopikwa baada ya kuchomelewa.